Ngoma Isiyosikika: Sauti ya Miksa katika Video za Sherehe za Bukoba na Muleba

Chukua video ya harusi iliyopigwa ukumbini Bukoba mjini, au chini ya maturubai huko Kamachumu wilayani Muleba, uisogeze mpaka zamu ya ngoma. Mpigaji ameibana ngoma kwa magoti, mikono inapanda na kushuka, mishipa ya shingo imemtoka. Akina mama wawili wameshainuka na mabega yao yameanza kujibu. Sauti inayokufikia ni ya kinanda, na juu yake mwimbaji mmoja aliyeshika maiki, safi, karibu mno na sikio lako. Ngoma yenyewe haimo. Ukitega sikio sana utaambulia mdundo mdogo wa mbali, uliopenya kwa bahati kwenye maiki ya mwimbaji, kisha nao unazama. Mkono unashuka, ngozi haisemi.

Ukimuuliza mpiga video atakujibu kwa fahari: sauti hii haikuokotwa hewani, imetoka moja kwa moja kwenye miksa. Anasema kweli, na kosa limo ndani ya ukweli huo huo.

Wengi huamini kwamba miksa ndipo sauti zote za sherehe zinapokutana, hivyo ukichomeka waya pale umepata yote. Miksa haikuletwa kwa kazi hiyo. Imeletwa kumsaidia asiyesikika. Fundi mitambo amekaa nyuma yake, masikio yake yako ukumbini. Anasikiliza kinachopungua, anakiongeza. Ngoma inaujaza ukumbi kwa nguvu yake yenyewe, kwa hiyo haipewi maiki, na ikipewa inafungwa. Sauti ya bibi harusi anayewashukuru wazazi wake ni nyembamba, hivyo inasukumwa mpaka juu. Kadiri ukumbi unavyokuwa mdogo ndivyo tofauti inavyozidi, maana vingi vinajitosheleza. Kinachotoka nyuma ya miksa, basi, ni orodha ya mapungufu ya ukumbi ule kwa usiku ule. Kwa waliokuwepo, orodha hiyo ilimwagwa juu ya ngoma, vicheko na viti vinavyoburuzwa, ikakamilika. Kwa anayetazama video, nusu hiyo ndiyo sherehe nzima.

Nisieleweke kwamba nazililia kanda za VHS. Tulizitazama: maiki juu ya kamera, kamera mita kumi na tano kutoka kwa msemaji, na katikati yao watoto, sahani na jenereta. Kamera nyingi za zama zile, na nyingi za leo zisipodhibitiwa, hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe. Mzee akinyamaza kuvuta pumzi, kamera inadhani sauti imepotea, inafungua masikio, na jenereta inapanda taratibu mpaka inamfunika. Akianza tena, neno lake la kwanza linalipuka, kisha linabanwa. Baada ya dakika kumi unaijua jenereta kuliko unavyomjua mzee. Waliotangulia kuvuta waya kutoka kwenye miksa waliikomboa hotuba, na katika hotuba sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko pale waya huo huo unapoachiwa sherehe nzima, ngoma na utani na sala vyote vikachukuliwa kuwa hotuba.

Msikilize mshereheshaji katika video za namna hii. Washereheshaji wa Bukoba ni mahodari wa kazi yao. Wanajua ukoo gani utaniwe na upi uheshimiwe. Mmoja anarusha utani kuhusu shemeji aliyekuja na senene badala ya mahari, anasubiri. Kimya. Anarusha wa pili. Kimya. Kwenye picha watu wamepinda kwa kicheko, mmoja ameshika meza asianguke, lakini hakuna maiki iliyowaelekea, hivyo kicheko chao hakikuingia kwenye miksa. Mtu aliyeutikisa ukumbi anabaki kwenye kumbukumbu akijichekesha peke yake. Angalia tena vituo vyake. Alisubiri sekunde tatu kwa sababu kicheko kilimzuia kuendelea. Kicheko kikiondoka, sekunde hizo zinakuwa shimo, na mhariri mwenye haraka anaziona kuwa uzembe, anazikata. Alichokikata ndicho kilichokuwa mwendo wa utani.

Kanisani jambo ni zito zaidi, kwa kuwa Misa ni majibizano tangu salamu ya kwanza. Padre ana maiki, waamini hawana. Katika video ya upadrisho au ya jubilei ya watawa, padre anasalimu asijibiwe, anaalika asiitikiwe, na ibada ya watu elfu moja inasikika ikiwa ya mtu mmoja aliye chumbani. Kwaya inanusurika kidogo kwa sababu imewekewa maiki mbili mbele, ingawa hapo nako dada mmoja wa sauti ya pili aliyesimama jirani na maiki anasikika kuliko besi wote wa mstari wa nyuma.

Kuna jambo jingine la makanisa ambalo huwa halitajwi. Kagera, mkoa wa Bukoba na Muleba, ina desturi ya makanisa makubwa tangu siku za misheni ya Kashozi, iliyoanzishwa mwaka 1892: kuta nene, paa la juu, sakafu tupu. Jengo la namna hiyo huirudisha sauti kwa sekunde nzima na zaidi. Mwalimu wa kwaya anayeijua nyumba yake huupunguza mwendo wa wimbo ili neno lililotangulia lipate kufa kabla ya lingine kuzaliwa. Kwenye waya wa miksa mwangwi haupo, lakini ule upole wa mwendo umebaki. Matokeo yake kwaya inaonekana imechoka, au haikufanya mazoezi, ilhali ilikuwa inafanya kazi na jengo. Ukihakiki uimbaji wao kwa kutumia video hiyo, utakuwa umehakiki upande mmoja wa mazungumzo.

Kama haya yangekuwa mambo ya ladha tu, ningewaachia wenye harusi. Lakini fani zenyewe za Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, zimejengwa juu ya sauti ambazo miksa haizipati. Peter Seitel, aliyezikusanya na kuzichambua ngano za Kihaya, alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 jina linalotokana na kauli ya wasikilizaji. Msimulizi akifungua ngano, husema kwamba alikwenda akaona. Waliokaa humwambia aone ili nao wapate kuona. Kauli hiyo ni kibali. Msimulizi hajapewa macho mpaka wenzake wamempa. Sasa mbanie msimulizi huyo maiki kwenye kola na umpeleke mpaka kwenye kamera kwa waya. Utamsikia akifungua, atatua, ataendelea. Mtazamaji wa miaka ishirini ijayo, hasa kijana wa Dar es Salaam asiyekijua Kihaya, atadhani kituo kile ni cha kukumbuka maneno. Nusu ya fomula imepotea, na hakuna alama inayoonyesha kwamba imepotea. Kanda iliyoharibika hukwaruza, na mkwaruzo ni ushahidi. Sauti hii safi haikwaruzi popote.

Kwenye enanga tatizo linageuka. Enanga ni ubao mpana uliokombwa katikati, na nyuzi zake ni uzi mmoja uliopitishwa kutoka ncha hadi ncha mara kadhaa. Sauti yake ni ndogo. Ni ala ya watu waliokaa karibu na kunyamaza. Profesa M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwachunguza wapiga enanga kama watunzi wa tendi na kuwaingiza katika mjadala mpana wa kama Afrika ina tendi au haina. Aliurudia mjadala huo katika kitabu chake cha mwaka 2002. Kwa uhakiki wa sauti, ninachokiona muhimu hapo ni kwamba utendi wa aina hii huzaliwa mbele ya watu. Mtunzi huwasoma waliokaa, akarefusha hapa na kukatiza pale, na nyuzi humshikia nafasi wakati akitafuta mstari unaofuata.

Ilete enanga hiyo kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Fundi hana budi kuisogezea maiki hadi kwenye nyuzi na kuifungulia sana. Ukumbini inatosha tu, kwa kuwa sauti yake imegawanywa na nafasi na miili ya watu. Kwenye kamera inatoka jitu: unasikia kidole kikiugusa uzi kabla ya uzi kulia, unasikia mkono wa shati ukisugua ubao. Mwimbaji, ambaye sauti yake ilizoea kuziegemea nyuzi na kutokea humo, anasikika amesimama nje yake, kila mmoja chumba chake. Na yale mapito ya nyuzi peke yake, ambayo ukumbini yalijazwa na minong'ono ya wazee waliotambua jina la shujaa aliyetajwa, yanageuka muziki wa kusindikiza. Enanga imekuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa, na utendi umepungua.

Kinachong'ara kuliko vyote katika video hizi ni muziki wa DJ. Kompyuta yake imechomekwa kwenye miksa, miksa imechomekwa kwenye kamera, hakuna hewa katikati. Akiupiga "Maria Salome", wimbo uliomtoa Saida Karoli mwaka 2001, ngoma, makofi na waitikiaji wote wanasikika, kwa sababu studioni waitikiaji nao walipewa maiki. Akiupiga "Salome" wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa mwaka 2016, uliojengwa juu ya ule wa kwanza, ndiyo kabisa. Ngoma iliyopigwa studioni miaka mingi iliyopita inatikisa spika za sebuleni. Ngoma ya jirani, iliyo mita tatu kutoka kwenye kamera, ni bubu. Sauti safi kuliko zote katika kumbukumbu ya harusi ni ile ambayo hakuna hata mmoja wa waliokuwepo aliyeitoa.

Makosa ya waya nayo husomeka, ukiyazoea.

Sauti iliyochanika, kwa mfano. Miksa za kitaalamu hutoa sauti kwa kiwango cha volti 1.23 hivi, ilhali tundu la maiki la kamera linatarajia milivolti chache. Tofauti ni ya mara mia, pengine elfu. Ukichomeka bila kupunguza, vilele vya mawimbi vinakatwa mlangoni, na kuishusha sauti ndani ya kamera baada ya hapo ni kushusha kitu kilichokwisha kuvunjika. Dawa yake inajulikana: swichi ya kamera ihamishiwe kwenye laini, au kama haina, kiwekwe kipunguzi cha desibeli 40 hivi, au kisanduku cha DI, kinachoishusha sauti hadi kiwango cha maiki. Lakini angalia mahali sauti inapochanika: ni pale kwaya inapofika kileleni, pale jina la bwana harusi linapotajwa na mshereheshaji anapopaza. Kwa kuwa mchaniko huja na shangwe, watazamaji wamejifunza kuusikia kuwa ndiyo shangwe. Nimewasikia wakiusifu.

Kosa la pili ni la ajabu zaidi. Video inasikika vizuri kwenye hedifoni. Inatumwa kwa WhatsApp kwa shangazi mwenye simu ya spika moja, naye anapiga kuuliza mbona kwaya inafungua midomo tu. Tundu la miksa lenye pini tatu hubeba sauti ileile mara mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa, ili kelele zitakazoingia njiani zifutwe mwisho wa waya na kifaa kinachojua kuzitenganisha. Jeki ndogo ya kamera haijui. Inazichukua kuwa kushoto na kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapewa yake na unahisi upana fulani usioeleweka. Kwenye spika moja zinajumlishwa, ya juu inakutana na ya chini, na kilichokuwa sawasawa pande zote kinafutika. Kinachosalia ni ambacho hakikulingana: mkwaruzo wa jeki, muungurumo wa umeme, kelele ya kamera yenyewe. Yaani usafi wote umejifuta na uchafu ndio uliohifadhiwa. Waya unaochukua upande mmoja tu, au kisanduku chenye transfoma, unalimaliza jambo hilo, nao ni kitu kidogo kwenye begi la mpiga video.

Muungurumo sina mengi ya kuusemea. Ni sauti ya mizunguko 50 kwa sekunde, na iko vilevile uwe umeme wa gridi yetu au ule wa Uganda uliolilisha eneo la Bukoba kwa miaka mingi kupitia Masaka. Huingia pale miksa na kamera zinapochomekwa kwenye soketi tofauti na waya wa sauti ukakamilisha duara kati yao. Kamera ikitumia betri yake, mara nyingi duara linakatika.

Mvua inastahili nafasi zaidi. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mapaa ni ya bati. Mvua ikishuka katikati ya hotuba ya baba mzazi, ukumbi mzima hubadilika: watu wanasogeza viti, wanainama mbele, wanaweka viganja nyuma ya masikio, na baba anapaza sauti mpaka inapasuka. Fundi naye anaisukuma feda, kile kitelezo cha kupandisha sauti. Kwenye video ya waya mvua haipo. Tunamwona mzee anawafokea wageni waliokuja kumheshimu, nao wanamwinamia kwa hofu. Maiki ya kamera, ile tuliyoicheka, ingetuonyesha mtu anayeshindana na mbingu ili amuage binti yake.

Wanaoijua kazi hawachukui sauti kuu ya ukumbi. Humwomba fundi tundu lililoandikwa AUX, ambalo linaweza kupewa mchanganyiko wake lenyewe, usiofuata feda za ukumbi. Ngoma inawekewa maiki isiyokwenda kwenye spika hata kidogo. Inakwenda kwenye kamera tu. Maiki nyingine inageuzwa kuwaelekea watu. Njia moja ya kamera inapokea miksa, ya pili inapokea ukumbi, na hazikutanishwi mpaka nyumbani kwenye kompyuta. Huko nako kuna hesabu ya kufanya. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Maiki ya ukumbi iliyo mita 20 kutoka kwenye spika hulipata neno milisekunde 59 baada ya waya, ambazo katika video ya fremu 25 ni karibu fremu moja na nusu. Usipozisogeza zikalingana, kila neno litakuwa na kivuli chake.

Hata hivyo vifaa havimalizi jambo, kwa sababu swali la kiasi gani cha kicheko kiwe chini ya kiasi gani cha hotuba halijibiwi na mita ya desibeli. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipoizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, aliishika maiki mkononi na kuisogeza wakati wimbo ukiendelea: kwa anayeongoza, kwa waitikiaji, kwa ala, na kurudi, huku gari lenye jenereta akiwa ameliacha mbali, kwenye ncha ya waya mrefu. Mkono wake unasikika katika rekodi zake. Unaweza kubishana naye, ukasema hapa alimwacha mpiga ngoma mapema mno, pale alimpenda kiongozi kupita kiasi, na ubishi huo una maana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyechagua. Mpiga video anayechomeka waya na kwenda kukaa hajachagua. Amechaguliwa na fundi, na fundi wakati huo alikuwa na kazi nyingine.

Nimeacha majigambo, ebyebugo, mpaka mwisho, kwa sababu hapo hata mchanganyiko mzuri unanitia shaka. Mwanamume anatoka kwenye safu, mkuki au fimbo mkononi, anamwelekea anayeheshimiwa. Anasonga, anasita, anarudi nyuma, anasonga tena. Maneno yanakwenda kwa kasi, fungu kwa pumzi moja, na mwisho wa pumzi wenzake wanamwitikia. Umbali kati yake na anayeambiwa ni sehemu ya kauli yenyewe: fungu la kwanza linatoka mbali, na kila fungu linapunguza nafasi iliyobaki. Siku hizi kijana wa mitambo humkimbilia na maiki isiyo na waya, akimfuata ubavuni hatua kwa hatua, na kwenye miksa sauti inakuwa sentimita kumi kutoka mdomoni tangu mwanzo hadi mwisho. Macho yanamwona mtu anayekuja. Masikio yanasema alikwisha kufika. Kwa dakika hizo chache njia ya miksa ningeifunga kabisa, nikaiweka maiki moja miguuni pa anayeheshimiwa, imngoje jamaa huyo aje mwenyewe.